Usagaji wa kimea unavyoamua hatima ya busaa

WAPISHI wengi wa busaa katika maeneo ya Magharibi hulaumu maji, hali ya hewa au hata jicho la hasidi pombe inapokataa kuchachuka. Aghalabu, kiini cha tatizo huwa ni kisiagi, wala si chungu.

Busaa hutengenezwa kwa nafaka mbili. Ya kwanza ni mahindi, ambayo unga wake hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi ya kahawia. Ya pili ni wimbi lililoloweshwa, likaachwa kuota kwa siku mbili hadi nne, likaanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea.

Kazi ya kimea haieleweki vyema na baadhi ya wanaokitumia. Hamira haiwezi kula wanga. Hula sukari tu. Mbegu inapoota huzalisha vimeng'enya ambavyo huukatakata wanga kuwa sukari, ili mmea mchanga upate chakula. Mpishi humpokonya mmea huo chakula chake na kuikabidhi hamira, nayo huigeuza sukari kuwa kileo na hewa ya kabonidioksidi inayotoa povu.

Hapa ndipo usagaji unapoingia. Vimeng'enya husafiri majini, na maji hayapenyi haraka ndani ya punje nzima. Punje iliyopasuka mara mbili tu hubaki na kiini kikavu ambacho wanga wake haufikiwi kamwe. Isitoshe, busaa huchanganywa kwa maji yasiyo moto sana, na katika hali hiyo vimeng'enya hufanya kazi polepole, tofauti na viwanda vya bia vinavyopasha mchanganyiko wa shayiri joto la kati ya nyuzi 62 na 72. Kwa hivyo mpishi wa busaa hana joto la kumfidia pale kisiagi kilipomwangusha. Kimea kilichopaazwa badala ya kusagwa humpa pombe hafifu, na sukari aliyoinunua kwa bei ya wimbi huishia kwenye machicha.

Je, basi kimea kisagwe kiwe laini kama unga wa ngano? La hasha. Unga laini kupita kiasi hugeuka uji mzito, ukaziba kitambaa cha kuchujia na kumfanya mpishi akamue kwa nguvu hadi vumbi la unga lipenye. Busaa hiyo huwa nzito na huacha tope chini ya kikombe. Kipimo cha wastani ni unga unaokwaruza kidogo unaposuguliwa baina ya vidole, usio na punje nzima hata moja.

Wanaotengeneza bia ya shayiri nyumbani wana kanuni tofauti, na ni kosa kuiga kanuni hiyo bila kufikiri. Shayiri ina kumvi ngumu iliyoishikilia punje. Mtengenezaji huipitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma yaliyoachana kwa takriban milimita moja, ili kiini kivunjike lakini kumvi ibaki nzima. Kumvi hizo hutulia chini ya pipa na kuwa chujio. Zikisagwa zikawa vumbi, maji hukwama na bia hupata ukakasi. Wimbi halina kumvi ya aina hiyo. Chujio lake ni kitambaa. Ndiyo sababu ushauri wa vitabu vya kigeni, kwamba nafaka ipasuliwe tu, humpoteza mpishi wa wimbi.

Miongoni mwa Wateso, wa Kenya na Uganda, kuna kipimo kingine. Pombe yao ya wimbi, ajono, haichujwi kabla ya kunywewa. Wanywaji huketi kuzunguka chungu, maji moto yakiongezwa, na kila mmoja hufyonza kwa mrija mrefu wenye kijichujio kwenye ncha. Kimea laini mno huziba mrija, na hapo mpishi hujua kosa lake mbele ya wageni.

Unga wa mahindi nao una masharti yake. Ukiwa na chenga kubwa, hubaki mbichi ndani unapokaangwa. Na wanga ambao haujaiva ni mgumu kwa vimeng'enya.

Aidha, kimea kisipelekwe kisiagini kabla ya kukauka barabara. Kikiwa na unyevu hung'ang'ania kwenye chekeche, mashine hupata moto, na unga huota kuvu upesi. Ni heri kukisaga karibu na siku ya kupika, kwa kuwa unga hufyonza unyevu na kuharibika haraka kuliko punje.

Suala la kuvu si la mzaha. Mwaka 2004, watu 125 walifariki nchini, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Punje iliyooza huonekana na kutupwa ikiwa bado ni punje. Ikishasagwa, sumu yake huenea katika unga wote na hakuna jicho litakaloitambua. Kukaanga na kuchachusha hakutoi hakikisho la kuiondoa. Uchambuzi wa nafaka hauna budi kufanywa kabla ya kisiagi.

Anayetaka kujua kama kimea chake kimefanya kazi anaweza kutumia jaribio la darasa la sayansi: matone machache ya maji ya juu ya pombe kwenye sahani nyeupe, na tone la iodini. Rangi ikigeuka buluu iliyokoza kuwa nyeusi, wanga ungalipo, na safari ijayo mwenye kisiagi aombwe chekeche yenye matundu madogo zaidi.