Kazi Isiyo na Risiti

Ukisoma historia ya hospitali zetu, utakutana na mawaziri, majengo na mipango ya miaka mitano. Hutakutana na yule mtu anayemgeuza mgonjwa saa nane usiku ili asipate vidonda vya kulala. Mimi namtafuta huyo, maana kila serikali ilipobana mfuko, yeye ndiye aliyeongezewa kazi.

Twende pole pole. Mwaka 1965, serikali changa ya uhuru iliwaondolea wagonjwa wa nje ada katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata ikaanzisha NHIF, ikianza na wenye mishahara. Ilikuwa ahadi kubwa, na wazazi wetu waliiamini.

Desemba 1989 ikaja "kuchangia gharama". Uchumi ulikuwa umeyumba, nao wakopeshaji wakubwa, Benki ya Dunia na IMF, walitaka serikali ipunguze matumizi. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake hadi asilimia 65. Ada ikasimamishwa 1990, halafu ikarudishwa kidogo kidogo.

Sasa fikiria wakati huo ulikuwa wakati gani. UKIMWI ulikuwa umeshajulikana nchini tangu 1984. Wodi zilijaa, vitanda vikatumiwa na wagonjwa wawili wawili, na wengi wakarudishwa nyumbani. Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, kina mama na kina shosho walikuwa wameuguza kwa miaka mingi, wakizika watoto na kubaki na wajukuu. Mwaka 2002 wizara ilitoa mwongozo wa huduma ya nyumbani. Kazi ikapata jina rasmi, lakini waliokuwa wakiifanya hawakupata mshahara.

Hapo ndipo hesabu hupotea. Mgonjwa akirudishwa nyumbani, matumizi ya hospitali hupungua kwenye vitabu. Ile gharama imehamia tu kwa mtu asiyetoa risiti.

Najua kwa sababu niko ndani ya hesabu hiyo. Shosho alipopata kiharusi nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Familia ilikaa kikao. Mjomba alikuwa na watoto shuleni, shangazi alikuwa na kazi ambayo ingempotea, mimi nilikuwa na karo ambayo haijalipwa. Hakuna aliyenilazimisha, lakini wote waliniangalia. Tangu hapo naandika usiku akilala, na mchana nampikia uji, namwosha, namnyoosha mkono wa kulia kama nilivyoonyeshwa na fizio. Jamaa hutuma M-Pesa wakipata.

Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee waliofika miaka 70: shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwetu hizo huisha kwa daipa kabla wiki ya pili haijafika. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Inalipia kitanda cha hospitali. Anayelala sakafuni kando ya kitanda cha nyumbani hayumo.

Watu huniambia, "Lakini kutunza wazee ni utamaduni wetu." Ni kweli, na sitaki uishe. Ila huo utamaduni ulikuwa na boma zima la kusaidiana zamu. Siku hizi ni bedsitter moja na mtu mmoja.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na serikali. Familia imekuwa ikilipa sehemu yake tangu kabla sijazaliwa. Wakati mwingine mwanasiasa akija mtaani kwenu kuongea afya, muulize kuhusu hilo "na". Muulize mtunzaji wa nyumbani atalipwa kutoka kifungu gani cha bajeti, na nani atamshikia zamu akiugua yeye.