Boti Iliyokaa Nchi Kavu Ikaguliwe Kabla ya Kurudi Ziwani

Na Mwandishi Wetu, Maganzo

Mji wa Maganzo, wilayani Kishapu, umejengeka jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Hauna mwalo wala gati. Mkazi wa mji wa aina hii anapowekeza fedha zake katika boti ya uvuvi kwenye mialo ya Mkoa wa Geita, anakuwa mmiliki wa mbali: boti iko chini ya uangalizi wa nahodha, na maagizo mengi hutolewa kwa simu. Hatari huongezeka pale agizo la kurudi ziwani linapotolewa kabla ya mtu yeyote kukikagua chombo.

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, boti huhifadhiwa nchi kavu wakati wa baridi kali. Hapa kwetu sababu ni nyingine. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupumzika kila mwezi wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa taa zao hauvuti dagaa ipasavyo. Katika Ziwa Tanganyika, Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane. Vipo pia vyombo vinavyokaa muda mrefu vikisubiri vipuri au mtaji. Kwa vyovyote vile, boti iliyokaa wiki kadhaa juani si ile ile iliyopandishwa ufukweni.

Mwili wa boti

Mbao zilizokauka hunywea na kuacha nyufa. Fundi akague maungio yote, aondoe pamba ya kalafati iliyooza na kuweka mpya, kisha abadilishe misumari iliyoliwa na kutu. Ubao wa nyuma unaobeba injini ujaribiwe kwa uangalifu wa pekee, kwa sababu ukiwa umeoza injini inaweza kung'oka na kuzama.

Baada ya matengenezo, boti ishushwe kwenye maji ya kina kifupi na iachwe hapo siku moja au mbili ili mbao zivimbe. Ikiwa maji yanaendelea kuingia baada ya muda huo, boti irudishwe kwa fundi. Safari haipaswi kuanza kwa kutegemea mtu wa kukumba maji njia nzima.

Mafuta na injini

Petroli iliyokaa miezi kadhaa hupoteza nguvu na kuacha utandu unaoziba kabureta. Hivyo basi, mafuta ya zamani yatolewe, tangi na mpira wa mafuta visafishwe, chujio libadilishwe na kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Kwa injini zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, kipimo kifuate kitabu cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi za aina hiyo kipimo ni lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka na injini huzimika.

Plagi zitolewe, zisafishwe au zibadilishwe. Oili ya gia nayo imwagwe na kutazamwa rangi yake: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe. Propela ifunguliwe pia, kwa kuwa nyuzi za nyavu hujisokota nyuma yake na kukata sili hizo.

Kifaa kinachosahaulika zaidi ni impela, yaani gurudumu dogo la mpira linalovuta maji ya kupoza injini. Mpira huo hukakamaa na kupasuka chombo kinapokaa bila kazi. Injini isiwashwe hata mara moja bila maji, kwani impela huungua ndani ya sekunde chache. Ijaribiwe ndani ya pipa la maji, na maji yaonekane yakiruka kupitia tundu la pembeni. Yasipotoka, injini izimwe mara moja.

Vifaa vya uokoaji

Kila aliyemo botini awe na jaketi okozi linalomtosha. Yaliyohifadhiwa ghalani yakaguliwe mishono na mikanda, kwani panya huyatafuna, kisha yajaribiwe majini. Boti iwe na kasia, chombo cha kukumbia maji, tochi, filimbi na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa nahodha, ili akianguka majini injini izimike. Namba ya dharura ni 112.

Nyaraka na hali ya hewa

Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC). Mmiliki ahakikishe vyeti na leseni havijapitwa na wakati. Nahodha naye afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kila safari, kwa kuwa dhoruba za Ziwa Victoria hutokea mara nyingi usiku, wakati ule ule wavuvi wa dagaa wanapokuwa kazini.

Safari ya kwanza iwe fupi, mchana na bila mzigo. Ukaribu wa nchi kavu usichukuliwe kuwa kinga. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimebeba watu kupita uwezo wake, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia kufika Ukara, na watu zaidi ya 200 walipoteza maisha.

Kwa mmiliki aliye Maganzo au kwingineko mbali na ziwa, wajibu haumaliziki kwa kutuma fedha za mafuta. Anapaswa kufika mwaloni kabla ya boti kurudi kazini, au kumtuma fundi anayemwamini, na kuiona injini ikitoa maji na mbao zikiwa zimeziba. Gharama ya impela mpya na pamba ya kalafati ni ndogo mno ikilinganishwa na uhai wa wavuvi wanaokitegemea chombo hicho usiku kucha.