Kutoka Kasekese hadi Dar es Salaam: Mambo ya kupima kabla ya kununua nyumba ya familia

FAMILIA inayotoka Kasekese, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, na kuazimia kununua nyumba jijini Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 1,000. Huko itokako, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mpaka wa shamba hujulikana kwa majirani, wazee hukumbuka ni nani aliyelifyeka kwanza, na mtu mwenye kuuza eneo lisilo lake hagunduliki kwa shida.

Jijini hali ni tofauti. Mnunuzi hamfahamu muuzaji, muuzaji huenda hata haishi mtaani hapo, na jirani wa leo alihamia juzi. Ardhi ya mjini husimamiwa kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ambayo pamoja na ile ya vijiji ilianza kutumika Mei 1, 2001. Huku ushahidi mkuu ni nyaraka, na aliyezoea ushahidi wa watu hupotea kirahisi. Ndiyo sababu fedha za mavuno ya miaka kumi, au za mafao ya mzee aliyestaafu, huweza kuteketea kwa siku moja.

Dar es Salaam ilikuwa na wakazi 2,487,288 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2002. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu wakazi 5,383,728. Idadi hiyo imeongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 20, na kasi ya upimaji wa viwanja haikuweza kulingana nayo. Kwa hiyo swali la wapi pa kununua nyumba linatangulia swali la bei.

Jiji lilivyogawanyika

Mpangilio wa makazi ya Dar es Salaam una mizizi katika enzi za ukoloni. Oysterbay palitengwa kwa Wazungu, Upanga pakawa pa Waasia, na Kariakoo, Ilala, Temeke na Magomeni yakawa maeneo ya Waafrika. Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilijenga nyumba katika maeneo mbalimbali. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja na kuviwekea huduma katika maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese, iliyokwisha kujengwa kiholela, ikiboreshwa.

Mwaka 2002 ulianza mradi maarufu wa viwanja 20,000, uliozalisha makazi yaliyopimwa pembezoni mwa jiji. Miongoni mwake ni Bunju, Mbweni, Mivumoni, Mwanagati, Buyuni, Kibada, Kisota, Gezaulole na Tuangoma. Anayetafuta nyumba yenye kiwanja cha uhakika kwa kawaida huanzia katika maeneo ya aina hiyo. Hata hivyo, kupimwa kwa kiwanja hakuna maana kwamba maji, lami na shule vimekwisha kufika. Katika baadhi ya maeneo hayo wakazi wa mwanzo walisubiri huduma hizo kwa miaka mingi.

Maeneo yasiyopimwa nayo hayafanani. Kuna yale yaliyo karibu na katikati ya jiji, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita, na gari la zimamoto vivyo hivyo. Kuna pia yale ya pembezoni, ambako nafasi bado ipo lakini barabara za mitaa hazijatengwa, na kila anayejenga husogeza ukuta wake kadiri apendavyo. Mnunuzi anapaswa kujiuliza kama kwa njia anayoiona leo jeneza, mgonjwa au lori la mchanga litaweza kupita miaka mitano ijayo.

Karatasi tatu zisizo na uzito sawa

Kisheria, ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Mwananchi hupewa haki ya kuimiliki kwa muda, ambao kwa hati hauzidi miaka 99. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba yenye hati hana budi kuangalia muda uliobaki.

Karatasi ya kwanza kwa uzito ni hati miliki, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ya pili ni leseni ya makazi, iliyoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 2004 kwa wakazi wa maeneo yasiyopimwa. Leseni humtambua mkazi, lakini hutolewa kwa kipindi kifupi cha miaka michache na huhitaji kuhuishwa. Ya tatu ni mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mkataba huo huthibitisha kwamba watu wawili walikubaliana, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza.

Tofauti hiyo huonekana zaidi mnunuzi anapotaka mkopo. Benki zinazotoa mikopo ya muda mrefu ya nyumba hutaka hati. Kwa wanaonunua sehemu katika ghorofa, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 huwezesha kila mwenye sehemu kupata hati yake, nao kwa pamoja huwajibika kwa ngazi, paa na maeneo mengine ya matumizi ya wote.

Maji yana kumbukumbu

Mtu aliyekulia Katavi hujua vyema mto unavyofurika wakati wa masika, lakini Dar es Salaam hali hiyo hufichwa na kuta. Bonde lililokauka Agosti huonekana kama kiwanja kizuri kilichopata bei nafuu. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waathirika waliokuwa wakiishi mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 Serikali ilibomoa nyumba katika Bonde la Mto Msimbazi. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, nao umelazimu kaya kulipwa fidia na kuondoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Nyumba iliyo ndani ya umbali huo, hata ikiwa nzuri namna gani, ni nyumba ya wasiwasi.

Njia ya kulipima eneo haina gharama kubwa. Mnunuzi atembelee nyumba mara mbili, na moja kati ya hizo iwe siku ya mvua, ama katika masika ya Machi hadi Mei au vuli ya Oktoba hadi Desemba. Aangalie alama za maji kutani, rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu, na vizingiti vilivyoinuliwa mlangoni. Awaulize wapangaji wa nyumba za jirani, maana hao hawana nyumba ya kuuza.

Barabara, kambi na miradi

Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa ili kupisha upanuzi wa barabara. Baadhi ya wamiliki waliishi hapo kwa muda mrefu. Funzo lake ni kwamba umri wa nyumba hauhalalishi mahali ilipo. Kabla ya kununua nyumba iliyo karibu na barabara kuu, reli, njia kuu ya umeme au bomba, ni lazima kuuliza mamlaka inayohusika upana wa hifadhi yake.

Kigamboni ni mfano mwingine. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kujenga mji mpya huko, na kwa miaka kadhaa wakazi wa kata zilizohusika waliishi bila kujua kama wajenge, wauze au wasubiri. Mpango huo haukutekelezwa kama ulivyotangazwa. Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere lenye urefu wa meta 680, na mahitaji ya viwanja huko yakaongezeka. Aliyenunua kwa kutegemea ahadi ya mradi alikaa na hofu muda mrefu kuliko aliyenunua kwa kutazama huduma zilizokuwapo.

Aidha, jirani mkubwa huathiri usalama wa nyumba. Milipuko ya mabomu katika maghala ya jeshi, Mbagala mwezi Aprili 2009 na Gongo la Mboto mwezi Februari 2011, iliua raia na kuharibu nyumba zilizokuwa zimesogea karibu na kambi.

Muda wa safari ni sehemu ya bei

Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali hulipiwa kila siku kwa nauli na kwa usingizi. Mtoto anayeamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala hulipa sehemu ya bei hiyo darasani. Mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalianza Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, na awamu ya pili ya miundombinu yake ikajengwa katika Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala. Nyumba iliyo katika umbali wa kutembea kutoka njia hizo ina faida ambayo haionekani katika picha ya dalali.

Kwa familia yenye ndugu mikoani, Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi Luis, kilichofunguliwa Februari 2021, kimebadili hesabu. Wageni kutoka Mpanda hushukia huko, na anayeishi Kigamboni au Mbagala hulazimika kuvuka jiji zima kuwapokea.

Mpango mzuri ni kwa baba au mama kufanya safari halisi ya kwenda kazini na kurudi, siku ya kazi, kwa usafiri atakaoutumia. Vilevile apime umbali hadi shule ya msingi, kituo cha afya na soko. Kuhusu maji, haitoshi kuona bomba uani. Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, jiji liliingia katika mgawo, na wenye matangi ya akiba ndio waliopumua. Katika baadhi ya maeneo ya karibu na bahari maji ya visima huwa na chumvi, hivyo ni vyema kuyaonja.

Kumkagua muuzaji

Hatua ya kwanza ni kupata nakala ya hati na kuomba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, muda wa hati, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililosajiliwa. Hatua ya pili ni kumtumia mpima ardhi mwenye leseni ili athibitishe kwamba bikoni zilizopo uwanjani zinalingana na ramani. Wapo walionunua kiwanja cha kwenye karatasi na kujenga katika kiwanja cha jirani.

Hatua ya tatu ni familia ya muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, humzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa mmiliki amefariki dunia, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa mwenye funguo hana haki hiyo, na kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.

Malipo yafanyike kupitia benki, baada ya mkataba kuandaliwa na wakili wa mnunuzi, asiwe wa dalali. Uhamisho wa milki yenye hati huhitaji kuthaminiwa kwa nyumba, kulipwa kwa kodi na ushuru wa stempu, na kusajiliwa. Mnunuzi asiyesajili hubaki na funguo huku jina la muuzaji likiendelea kusomeka kwenye daftari la Serikali. Kuhusu asilimia 10 ya bei ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa wamekuwa wakiidai, Serikali ilikwisha kueleza kwamba malipo hayo hayana msingi wa kisheria.

Baada ya kununua, mmiliki hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa Luku tangu Agosti 2021. Kabla ya kulipa bei, mnunuzi adai stakabadhi za pango la ardhi, kwa sababu deni la nyuma hufuata kiwanja.

Mgogoro ukizuka, Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 imeweka ngazi zake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu, na uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Safari hiyo huweza kuchukua miaka, na gharama yake mara nyingi hupita ile ya upekuzi na mpima kwa mbali.

Kwa sababu hizo, familia isiyoufahamu mji haina hasara ikipanga kwanza kwa mwaka mmoja katika mtaa inaoutamani. Mwaka huo utakuwa na masika yake, vuli yake, mihula ya shule na siku za mgawo wa maji. Aidha, si lazima shamba la Kasekese liuzwe ili nyumba ya jijini inunuliwe. Mkoa wa Katavi ulikuwa na watu 564,604 mwaka 2012 na 1,152,958 mwaka 2022, na ardhi inayoonekana kuwa tele leo haitabaki hivyo. Familia yenye shamba kijijini ina mahali pa kurudi iwapo mambo ya jijini yatakwenda mrama.