Kofia, Kilemba na Ushungi: Historia ya Heshima Kichwani

Katika karne ya 19, mpita njia wa Mji Mkongwe wa Unguja alijulikana hadhi yake hata kabla ya kuamkiwa. Sultani, maliwali na wakubwa wengine walifunga vilemba. Muungwana wa kawaida alivaa kanzu na kofia. Mtumwa alikwenda kichwa wazi, kwani kujifunika hakukuwa haki yake: mwanamume alijifunga shuka kiunoni, mwanamke akajifunga kaniki kifuani.

Mabibi wa kasri walivaa barakoa usoni, kama alivyosimulia Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886. Huko Lamu, bibi wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichoinuliwa kwa vijiti.

Kilemba kilipita mavazi yote ya kichwa kwa heshima. Kijana aliyehitimu ufundi alimlipa mwalimu wake ada iliyoitwa kilemba. Katika posa, baba wa binti hupewa kilemba chake, na mama hupewa mkaja. Hata sifa za uongo zimepata msemo wake hapo: aliyedanganywa kwa sifa amevishwa kilemba cha ukoka.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Uhuru ulionekana upesi katika mavazi. Waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki wakanunua doti za kanga: moja ya kujifunga, ya pili ya kujitanda ushungi. Baadaye buibui likaenea, likavaliwa na wajukuu wa watumwa na wajukuu wa mabwana bila tofauti. Hakuna aliyewagawia waliokuwa watumwa heshima hiyo. Waliinunua dukani kwa jasho lao na kuivaa mchana kweupe.

Kofia yenyewe ni kazi ya subira. Ile ya mkono ina vipande viwili, cha duara juu na cha kuzunguka kichwa, na hutobolewa vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja hadi ua litokee. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Wanawake wengi wa visiwani wamesomesha watoto kwa sindano hiyo, ingawa jina la mshonaji halitajwi kofia inaposifiwa msikitini au harusini.

Chini ya ushungi nako kuna sanaa. Wasusi wamesuka mistari, wamesuka twende kilioni, na miaka ya karibuni yeboyebo, wakikaa uani na mteja kati ya magoti, mazungumzo yakiendelea hadi msuko wa mwisho. Hapo mabinti wamejifunza ususi na mengi ya maisha.

Historia ya pwani imeandikwa zaidi kwa majumba, majahazi na masultani. Sehemu yake kubwa imo mikononi mwa washonaji na wasusi ambao sasa ni wazee. Makumbusho na vyuo vyetu vikae nao, viandike majina ya maua ya kofia na ya misuko, pamoja na majina ya mafundi wenyewe. Nawe msomaji, ukinunua kofia ya mkono, uliza nani aliyeishona, na umlipe thamani ya kazi yake.