Mtungi Chini ya Siti

Aliyemiliki Ford Model T mwaka 1910 alikuwa amekalia petroli. Tanki lilikuwa chini ya siti ya mbele. Wakati wa kujaza mafuta abiria alishuka, mto wa siti ukainuliwa, kifuniko kikafunguliwa, na kijiti kikachovywa ndani kupima kilichobaki. Kutoka humo petroli iliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta, bila pampu. Taa kubwa za mbele ziliwaka kwa moto wa kweli, moto wa gesi ya asetilini iliyotokana na kabidi kukutana na maji. Na injini ilipogoma kuwaka asubuhi ya baridi, ulimi wa moto uliweza kurudi nyuma kupitia kabureta na kuyakuta mafuta yaliyovuja.

Moto wa namna hiyo ukiumwagia maji unausambaza. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kuendelea kuwaka huku ikichukuliwa hadi kwenye matairi na bodi ya mbao. Mchanga ungefaa, lakini ni nani aliyekuwa tayari kusafiri na ndoo ya mchanga kando ya miguu yake?

Vifaa vya kuzimia moto vilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1723 mkemia Ambrose Godfrey alipewa hataza Uingereza kwa pipa la kimiminika lililofichwa baruti ndani yake: pipa lilitupwa motoni, baruti ikalipuka, kimiminika kikatawanyika. Karibu karne moja baadaye Kapteni George William Manby, mwanajeshi kutoka Norfolk, alitengeneza chombo kinachofanana zaidi na mtungi wa leo. Mwaka 1813 alikuwa ameshuhudia moto mjini Edinburgh ukiteketeza ghorofa za juu ambazo wazimamoto hawakuweza kuzifikia. Chombo chake kilikuwa cha shaba nyekundu, kilichukua galoni 3 za maji yaliyochanganywa na chumvi ya potashi, na kilisukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Baada ya hapo ikaja mitungi ya soda na asidi: unaipindua, asidi inakutana na soda, gesi inafoka na kuyasukuma maji nje. Yote hiyo ilikuwa mizito, ya kutundikwa ukutani, na yote ilitegemea maji. Gari lilihitaji kitu tofauti kabisa.

Kitu hicho kilifika mwaka 1911. Kampuni ya Pyrene ya Delaware, Marekani, ilianza kuuza pampu ndogo ya shaba iliyong'arishwa, inayokamatika kwa mikono miwili, yenye takriban lita moja ya kimiminika ndani. Haikuwa na hewa ya kushindiliwa. Mtumiaji alivuta na kusukuma kishikio chake na mchirizi ukaruka hadi penye moto. Ndani mlikuwa na tetrakloridi ya kaboni, dawa ileile iliyotumiwa na madobi kutolea madoa ya mafuta kwenye suti. Ikigusa joto hugeuka mara moja kuwa mvuke mzito unaokatiza mwako wenyewe. Haipitishi umeme, haigandi kwa baridi kama maji, haiharibu siti. Kwa gari la wakati ule ni vigumu kufikiria kitu kilichofaa zaidi.

Pyrene ikauzika sana. Ilifungwa kwenye ubao wa kukanyagia kando ya mlango, ndani ya malori, kwenye maboti na ndege ndogo. Kampuni za bima za Marekani zilitoa punguzo kwa gari lenye pampu hiyo, na matangazo hayakuacha kulitaja hilo. Inawezekana kabisa kwamba wengi waliinunua kwa hesabu ya punguzo kuliko kwa hofu ya moto. Upande wa Uingereza kampuni ilijenga kiwanda cha kifahari cheupe huko Brentford, kwenye barabara kuu ya kutokea London kuelekea magharibi, kazi ya wasanifu Wallis, Gilbert and Partners. Jengo hilo bado limesimama, ingawa mitungi ilishaondoka siku nyingi.

Kasoro ilikuwa ndani ya dawa yenyewe. Tetrakloridi ya kaboni huumiza ini na figo za anayeivuta. Baya zaidi, inapokutana na chuma kilichokolea moto sehemu yake hugeuka kuwa fosijini. Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu aliyepitia Vita Kuu ya Kwanza: Desemba 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani liliwapulizia Waingereza fosijini, na hadi vita vinakwisha gesi hiyo ilikuwa imeua watu wengi kuliko gesi nyingine zote za vita hivyo. Dereva aliyesimama barabarani, upepo ukivuma, hakuwa na la kuogopa sana. Aliyepuliza dawa akiwa ndani ya gari lililofungwa vioo, au kwenye gereji isiyo na madirisha, alikuwa kwenye hatari aliyoitengeneza mwenyewe. Hilo lilijulikana mapema, na bado pampu hizo ziliendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka 40. Marekani iliipiga marufuku dawa hiyo kwenye bidhaa za nyumbani mwaka 1970. Leo pampu za shaba za Pyrene huuzwa kama mapambo kwa wapenzi wa magari ya kale, baadhi zikiwa bado na dawa ndani, jambo ambalo wanunuzi wachache hulifikiria.

Warithi wa dawa hiyo walikuwa wawili. Poda kavu, ambayo mwanzoni ilikuwa soda ya kuokea iliyosagwa laini na kusukumwa na gesi, ilikuwapo tangu miaka ya 1920. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja poda ya fosfeti ya amonia, inayozima mafuta, moto wa umeme, na vilevile vitambaa, sponji na mbao. Hiyo ndiyo huandikwa ABC kwenye mitungi. Ni nafuu, na kwa mtu wa kawaida haina mpinzani. Ubaya wake ni uchafu: wingu la unga linaloziba macho, linalopenya kila tundu la injini, na lisipooshwa haraka hula alumini na kuharibu nyaya.

Mrithi wa pili alikuwa haloni, gesi safi isiyoacha hata doa. Wenye magari ya thamani na madereva wa mashindano waliipenda mno. Kisha wanasayansi wakaonyesha kwamba bromini iliyomo ndani yake inalila tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 ikafuatwa na makubaliano ya kusimamisha utengenezaji wake katika nchi zilizoendelea kuanzia 1994, na Umoja wa Ulaya ukaagiza mitungi ya haloni iondolewe kufikia mwisho wa 2003, isipokuwa kwa matumizi machache kama ndege na majeshi. Kwa mara ya pili dawa bora kuliko zote ikaangushwa na madhara yake.

Ni kwenye mashindano ya magari ndiko kipimo cha mtungi mdogo kilipoonekana mbele ya dunia nzima. Julai 29, 1973, huko Zandvoort, Uholanzi, gari la Roger Williamson lilipinduka na kuwaka moto, yeye akiwa amenaswa chini yake. Dereva mwenzake, David Purley, alisimamisha gari lake, akavuka barabara mbio na kujaribu kulipindua lile gari kwa mikono. Aliposhindwa, alimnyang'anya mwongoza mbio mtungi wake na kuumalizia wote kwenye moto. Haukutosha. Mtungi wa pili haukuwapo, na wale waongoza mbio hawakuwa na mavazi ya kukinga moto. Televisheni ilionyesha yote hayo huku magari mengine yakiendelea kupita. Purley alitunukiwa nishani ya George kwa ushujaa wake. Williamson alikufa akiwa na miaka 25. Leo kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo huo zinataka kila gari la mbio za safari, likiwemo linaloshiriki Safari Rally ya Kenya, liwe na mfumo wa kuzimia moto uliofungwa ndani pamoja na mtungi wa mkono.

Kwa gari la kwenda kazini na sokoni, serikali za dunia hazijawahi kukubaliana. Ubelgiji humlazimisha mwenye gari dogo kubeba mtungi. Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, majirani zake, hazimlazimishi. Poland, Ugiriki na Uturuki zinautaka, Uingereza hapana. Argentina iliuweka kwenye sheria yake ya usalama barabarani. Moto ni uleule na magari ni yaleyale, yanayotoka katika viwanda vilevile.

Hakuna nchi iliyoonyesha mkanganyiko huo waziwazi kama Brazil. Mtungi ulikuwa wa lazima huko tangu mwaka 1970, enzi za Volkswagen Fusca yenye kabureta na mipira ya petroli iliyopasuka kwa uzee juu ya injini yenye joto. Sheria iliingia kwenye mazoea, na vizazi viwili vya madereva viliendesha mtungi ukiwa umefungwa mbele ya siti. Kisha baraza la taifa la usalama barabarani likaamua kwamba mitungi ya zamani isiyozima moto wa siti na mazulia ibadilishwe kwa ya ABC. Siku ya mwisho iliwekwa Januari 1, 2015. Madukani mitungi ikaisha, bei zikapaa, na waliokosa walitishiwa faini pamoja na alama 5 kwenye leseni. Serikali ikasogeza siku hiyo hadi Aprili, halafu Julai, halafu Oktoba.

Septemba 17, 2015, wiki mbili kabla ya tarehe hiyo ya nne, baraza lilitangaza kwamba kwa magari madogo mtungi si lazima tena.

Hasira ya waliopanga foleni kununua mtungi haihitaji kusimuliwa. Wengi walikumbuka kwamba mwaka 1999 nchi hiyohiyo ilikuwa imelazimisha kila gari kuwa na sanduku la huduma ya kwanza, ikafuta agizo hilo baada ya miezi michache. Lakini sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito. Mamlaka zilinukuu takwimu za wahandisi wa magari: kati ya matukio milioni 2 yaliyolipiwa bima, 800 yalisababishwa na moto, na katika hayo ni wenye magari 24 tu waliosema walitumia mtungi. Injini za sasa hupewa mafuta kwa sindano zinazodhibitiwa na kompyuta, na pampu hukata petroli gari linapogonga. Mabasi, malori na magari yanayobeba vitu vinavyowaka kirahisi yalibaki na wajibu uleule. Ukiisoma ile 24 kwa jicho la anayepinga utaona jambo jingine: hao ni waliokwenda kudai bima. Aliyeuzima moto wake kwa sekunde tano na kuendelea na safari hakuwa na la kudai.

Afrika Mashariki mtungi umekaa kwanza kama jambo la ukaguzi. Dereva wa Dar es Salaam anaujua mpangilio wa maswali: leseni, bima, kisha trafiki anazunguka nyuma na kuomba buti lifunguliwe aone pembetatu za tahadhari na mtungi. Kenya macho zaidi yako kwenye matatu na mabasi. Kwa kuwa ni kitu cha kuonyesha, hukaa panapoonyeshwa kirahisi, chini ya tairi la akiba na mifuko ya sokoni, na huko ndiko pabaya kuliko pote. Moto wa gari huanzia mara nyingi chini ya boneti. Anayelazimika kufungua buti, kuhamisha mizigo na kuchimbua mtungi amekwisha kupoteza ile dakika ya kwanza ambayo kilo moja ya poda ingefaa kitu. Mafundi wanaojali huufunga kwa mkanda wa chuma chini ya siti ya dereva, palepale lilipokuwa tanki la Model T.

Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam na Mombasa ni mitumba kutoka Japani, nchi isiyomlazimisha mwenye gari dogo kubeba mtungi. Badala yake inamlazimisha kubeba moto. Karibu na miguu ya abiria wa mbele hupachikwa kijiti chekundu cha kutoa ishara: ukisugua ncha yake huwaka mwali mwekundu mkali kwa takriban dakika 5, ili wanaokuja nyuma wajue kuna gari limekwama. Wengi hukikuta humo, wakakidhania tochi au kalamu kubwa, na onyo la kutokiwasha karibu na petroli iliyovuja limeandikwa Kijapani. Hivyo Toyota moja ya Kinondoni huweza kuwa na cha kuwasha mbele na cha kuzimia nyuma, mwenyewe hana habari na cha kwanza.

Mtungi wenyewe hauvumilii kusahauliwa. Mitungi ya kawaida imepimwa kwa joto lisilozidi nyuzi 60, kiwango ambacho sehemu za ndani za gari lililoegeshwa juani hukikaribia na pengine kukipita. Mtikisiko wa barabara hushindilia poda chini, ndiyo maana mafundi hushauri mtungi upinduliwe na kutikiswa mara kwa mara. Mshale wa geji ukiwa kwenye kijani unasema gesi ipo, hausemi kama poda imeganda. Ukifanya kazi, mtungi wa kilo moja huisha kwa sekunde 8 hivi. Boneti haifunguliwi wazi, kwa sababu hewa inayoingia ghafla huupa moto nguvu. Huachwa mwanya mdogo, na poda ikapulizwa kupitia hapo.

Hata upya si dhamana. Novemba 2017 kampuni ya Kidde iliita irudishwe zaidi ya mitungi milioni 40 iliyouzwa Marekani na Kanada, mingine ya tangu miaka ya 1970, kwa kuwa vishikio vya plastiki viliweza kuziba au kugoma. Kifo kimoja kilitajwa, cha mwaka 2014: gari liligonga, likawaka, waokoaji walifika, na mitungi yao ikakataa.

Na sasa betri. Mwongozo ambao Tesla iliwaandikia wazimamoto kuhusu Model S ulisema moto wa betri huweza kuhitaji lita 11,000 hivi za maji, kwa kuwa seli za lithiamu hupashana joto moja baada ya nyingine ndani ya kasha lisilopenyeka. Poda ya kilo moja huko haifiki. Kazi ya dereva ni kushuka, kusogea mbali na kupiga simu, ambayo kwa zimamoto ya Tanzania ni 114. Lakini siti, mazulia na waya wa chaja uliochomekwa kwenye kiwashia sigara vinaungua kama vilivyokuwa vikiungua kabla ya betri hizo, na kwa moto wa aina hiyo poda ya ABC bado inatosha.