Asiyekuwamo katika Picha



Kila anayenitembelea hapa Marekani huuliza kwa nini kabati zangu zimejaa majarida makuukuu. Nimeona vyema nijibu kwa maandishi, maana jambo hili latuhusu sote.

Jarida ninalokusanya ni The Saturday Evening Post. Lilikuwa likitoka kila wiki na kupokewa katika mamilioni ya nyumba, na kwa miongo mingi jalada lake lilikuwa mchoro wa mkono. J. C. Leyendecker alianza kulichorea mwaka 1899. Jalada la kwanza la Norman Rockwell lilitoka tarehe 20 Mei 1916, naye akaendelea hadi 1963, akitimiza majalada zaidi ya 300.

Wakusanyaji wengi hupendelea nakala safi, isiyobandikwa karatasi ya anwani. Mimi niliyezoea kazi za masjala huipenda yenye anwani, kwani huthibitisha kuwa ilipokewa na watu. Nakala hizi si mali ya kujivunia. Mchoro wa asili wa jalada la 24 Novemba 1951, wa bibi mzee na mtoto wakisali mkahawani kabla ya kula, uliuzwa mwaka 2013 kwa dola milioni 46. Nakala ya jarida hata mstaafu huimudu.

Nilipoyapanga kwa miaka yake ndipo nilipotambua upungufu. Katika picha hizo za karamu, shule na sikukuu, kwa muda mrefu mtu mweusi ama hayumo, ama yumo akihudumu. Jalada la 7 Desemba 1946 laonyesha mvulana ndani ya treni akipiga hesabu ya bakshishi, na mhudumu mweusi kando yake akitabasamu. Rockwell mwenyewe alieleza baadaye kwamba hiyo ilikuwa kanuni ya jarida. Alipokwisha kuliacha, alichora msichana mdogo mweusi akisindikizwa na maofisa kwenda shule, kufuatia kisa cha Ruby Bridges cha mwaka 1960 mjini New Orleans. Picha hiyo ilitoka katika jarida la Look tarehe 14 Januari 1964.

Kijana wetu mmoja aliniomba akate majalada machache ayatie fremu. Nilimkatalia. Jalada, hadithi na matangazo ni shahidi mmoja. Ukimkata, ushahidi wake hupungua.

Lakini tusiwahukumu wengine tukajisahau. Tazameni picha kubwa ya nyumbani, ile tunayoichapisha kila tukutanapo. Mama aliyetupikia na kutulea hayumo. Ilipopigwa alikuwa jikoni. Sisi wazee twamkumbuka, bali watoto wetu hawalijui hata jina lake. Naomba tukikutana, kabla ya chakula, kila mzee aandike analolikumbuka juu yake, na maandishi hayo yatangulie picha katika kijitabu kijacho.