Adabu ya Kiti: Kutoka Isumbi la Mtemi hadi Kiti cha Ndege

Kiti ni chombo cha kupumzikia, lakini kabla ya hapo ni chombo cha heshima. Ajuaye kuketi hujua nani atangulie, nani ampishe nani, na nani asipewe mgongo pasipo kuombwa radhi. Elimu hiyo ni kongwe katika Afrika ya Mashariki, pwani na bara. Leo inatiwa mtihanini mahali ambapo wazee hawakupadhania: ndani ya ndege, pale abiria anapokilaza kiti chake na kumbana magoti aliyeketi nyuma yake.

Mtu wa Bariadi aendaye Dar es Salaam kwa ndege amezoea kupandia Mwanza. Basi humpeleka hadi Lamadi, likashika njia ya Magu, na karibu na Kisesa akaikaribia Bujora, yalipo Makumbusho ya Wasukuma. Hapo pana banda la ngoma za kitemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Waliotaka kuueleza utawala kwa jengo hawakuchagua mkuki wala ngao, bali walichagua kiti, ambacho kwa Kisukuma huitwa isumbi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini adabu ya kiti haikufutwa pamoja nao. Katika miji ya Wanyantuzu, kama kwa Wasukuma wengine, mkubwa aingiapo kijana humwachia kiti, na salamu hutangulia maneno mengine yote. Na jioni, kwenye shikome, yaani moto wa kuotea na kufundishana, watu hukaa kwa duara. Kila uso huuona uso mwingine.

Pwani nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Pembe za ndovu zilizobebwa na misafara kutoka bara katika karne ya 19 ziliwafikia pia mafundi waliopamba viti vya enzi, vile vya mpingo vyenye migongo mirefu iliyosimama wima. Kiti cha enzi hakikuwa cha kulalia. Kilikuwa cha mgeni wa heshima na cha mzee, na aliyekikalia aliketi kwa utulivu, akijua anatazamwa. Nje ya nyumba palikuwa na baraza, ambapo waliotangulia husogea ili ajaye apate pa kukaa. Kwa Waislamu jambo hilo ni zaidi ya desturi, kwani aya ya 11 ya Sura ya al-Mujadila inawaamrisha waumini wapeane nafasi katika vikao. Na aliyelazimika kuketi mbele ya mwenziwe alimtaka radhi kwa kumpa mgongo.

Kisha ikaja reli. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga na Malampaka, kituo kilichoko Maswa, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 unaitwa Simiyu. Treni ilileta jambo geni: kiti kinachonunuliwa. Zama za Mwingereza daraja za mabehewa ziliandamana aghalabu na rangi za watu, na Mwafrika mara nyingi alijikuta daraja la tatu. Hata hivyo, treni haikuvunja duara lote. Katika chumba cha daraja la pili, chenye vitanda sita, abiria walikaa wakitazamana. Kitanda cha kati hakikuweza kutandikwa mpaka walioketi chini yake waridhie, kwa kuwa wakati wa mchana mahali pake palikuwa pa kuegemea. Basi mtu aliyetaka kulala ilimpasa kwanza aseme na wenzake, na chakula kilicholiwa kwa kukaribishana kilikuwa kimekwisha kuwafanya wajuane.

Ndege ndiyo iliyoligeuza jambo hilo. Shirika la East African Airways lilianza safari mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, na baada ya kuvunjika kwake mwaka 1977 Tanzania iliunda shirika lake. Ndege zilikua, viti vikapangwa safu kwa safu, vyote vikielekea mbele kama mikeka ya darasa lisilo na mwalimu. Kila abiria anampa mgongo mmoja na kupewa mgongo na mwingine. Ndipo kikaongezwa kitufe cha kukilaza kiti, na aliyekibonyeza akawa hauoni uso wa yule anayemdhiki.

Zamani nafasi ilikuwa pana na dhiki hiyo ilivumilika. Lakini tangu Marekani ilipoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa soko mwaka 1978, nafasi kati ya safu na safu katika daraja la kawaida ilipungua huko, kutoka kadiri ya inchi 35 hadi takriban 31, na penginepo chini ya hapo. Mwezi wa Agosti 2014, ndege ya United iliyotoka Newark kwenda Denver ililazimika kutua Chicago kwa sababu abiria wawili waligombana juu ya kiti: mmoja alikizuia kisilale kwa vibano vya plastiki, mwingine akammwagia maji. Mashirika mengine yaliona dawa ni kuondoa kitufe chenyewe, na mwaka 2018 British Airways ilitangaza kwamba ndege zake mpya za safari fupi zitakuwa na viti visivyolala. Pale adabu iliposhindwa, chuma kiliamua.

Haki ni ya nani? Wa mbele husema amelipia kiti pamoja na kitufe chake. Wa nyuma husema amelipia nafasi ya magoti yake. Wote wawili wanasema kweli, maana nafasi ile moja imeuzwa kwa watu wawili. Lawama ya kwanza, basi, ni ya muuzaji. Lakini muuzaji hayumo safuni, na safari ni ya saa nyingi.

Jambo hili si la wenye nauli ya ndege peke yao. Mwaka 2023 mabasi ya Tanzania yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990. Njia ya Bariadi hadi Dar es Salaam ni ndefu, na usiku kila mtu hutamani kujilaza. Anayekaa nyuma huenda ni mama aliyepakata mtoto, au mzee ambaye nyumbani kwao asingeachwa asimame.

Kinachofaa hakihitaji kanuni mpya. Ni kugeuka, kumwona aliye nyuma, kumsalimu na kusema, "Kumradhi, naomba nikilaze kidogo." Ni kukilaza taratibu, na kukisimamisha wakati wa chakula. Naye aombwaye asifanye choyo bila ya sababu, kwa kuwa usiku ni wa wote. Mafundi wa ndege waliuondoa uso katika safari. Neno la radhi ndilo linaloweza kuurudisha, na halimgharimu msafiri hata inchi moja.